UZI: Ukarabati wa bafu na choo cha ndani. Kumpata fundi, kumlipa, na kukagua kabla hajafunika

Mwiko wa Kati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali ya ukarabati yametapakaa kwenye nyuzi nyingi, kila moja na bei zake na ugomvi wake. Hapa tuchukue kazi moja tu tuichambue mpaka mwisho: bafu na choo cha ndani, nyumba ya tofali, Dar au mji unaofanana nayo. Unabomoa cha zamani, unajenga upya. Nimechagua bafu kwa sababu ni chumba kidogo kinachopitiwa na mafundi wengi: mwashi, fundi bomba, fundi umeme, fundi tailizi, mara nyingine na fundi aluminiamu. Wanakanyagana humo ndani, na kosa la mmoja hujitokeza kwenye kazi ya mwingine.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba bafuni kila cha maana hufunikwa. Bomba hufunikwa na lipu, wotaprufu (dawa ya kuzuia maji kupenya) hufunikwa na tailizi, waya hufunikwa na vyote viwili. Ukija Jumamosi ukakuta panang'aa, unachokiona ni ngozi tu. Kwa hiyo malipo yafungeni kwenye hatua za kufunika: fundi hafuniki mpaka umeona na kupima, na pesa ya hatua hiyo haitoki mpaka hapo. Mengine yote nitakayoandika ni matawi ya hilo.

KUMPATA FUNDI. Picha za simu hazisemi kitu, maana kila bafu jipya hupendeza. Omba kuona kazi aliyoimaliza mwaka mmoja uliopita au zaidi, na uongee na mwenye nyumba fundi akiwa hayupo. Ukifika, mwaga ndoo ya maji sakafuni mbali na tundu la kutolea maji, uone kama yanakwenda yenyewe au yanatuama kwenye kona. Gonga tailizi kwa sarafu: mlio mzito ni sawa, mlio wa debe tupu maana yake chini kuna hewa. Angalia ukuta wa upande wa pili wa bafu, kule chumbani. Rangi ikiwa imevimba au ina unga mweupe sentimita 30 juu ya sakafu, wotaprufu haikuwekwa au iliwekwa kwa kuzugia.

Kisha muulize maswali mawili: "Tailizi za poselini unazibandika na nini?" na "Mteremko wa sakafu unaupataje?" Akijibu saruji ya maji kwa la kwanza na "kwa macho" kwa la pili, mshukuru na uendelee kutafuta. Cheti cha VETA ni jambo jema lakini hakichukui nafasi ya majibu hayo.

FUNDI AU MKANDARASI? Kwa bafu moja, fundi mwenye watu wake anatosha. Ukianza kubomoa ukuta unaobeba, kuongeza chumba au kupandisha ghorofa, hiyo si kazi ya kupatana kwa simu. Hapo tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Wanapangwa madaraja 1 hadi 7, daraja la 1 likiwa la juu, na jina la kampuni ukaliulizie Bodi wenyewe. Pia pita halmashauri uulize kibali kabla nyundo haijagusa ukuta.

KIPIMO. Usipokee makadirio ya mdomo wala ya "bafu zima kiasi fulani." Pima mwenyewe. Tuchukue bafu la mita 2.4 kwa 1.8, tailizi ukutani mpaka mita 2.4:

Mzunguko ni mita 8.4. Zidisha kwa 2.4 upate mita za mraba 20.16. Toa mlango, 0.75 kwa 2.1, na dirisha, 0.6 kwa 0.6. Unabaki na 18.2. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, ni 20. Boksi la tailizi za 30 kwa 60 lenye vipande 8 hufunika 1.44, hivyo boksi 14. Sakafu ni 4.32, pamoja na nyongeza 4.75. Ukitumia za 30 kwa 30 ni vipande 53. Gundi ya tailizi hula kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba, basi mifuko mitano ya kilo 25. Saruji ya lipu, sakafu na viraka, mifuko mitano.

Fundi akikuandikia boksi 22 muulize zinaenda wapi. Anaweza kuwa na sababu, kwa mfano tailizi za kubandika mshazari hupoteza zaidi. Asipokuwa nayo, boksi nane hizo zina safari yake.

Kitu kinachosahauliwa kwenye makadirio karibu yote ni VIFUSI. Kubandua tailizi na lipu ya bafu hili kunatoa kati ya tani moja na nusu na mbili. Hizo ni safari tatu au nne za kirikuu, pamoja na watu wa kupakia. Kama haimo kwenye karatasi, rundo litakaa mbele ya geti na mtabishana mbele ya jirani.

MALIPO. Tuseme ufundi ni 1,500,000, vifaa unanunua mwenyewe. Namba ni ya mfano, msije mkaishika kama bei:

Kuanza kazi, 150,000.
Kubomoa kumekwisha, vifusi vimetoka, mabomba mapya yamepimwa kwa presha, 375,000.
Lipu, mteremko na wotaprufu, vimekaa na maji saa 24, 375,000.
Tailizi na grauti (kijazio cha mianya kati ya tailizi), 300,000.
Vyombo vimefungwa na kujaribiwa, 150,000.
Matazamio ya miezi mitatu, yaani pesa inayoshikiliwa kuona kazi kama haina kasoro, 150,000.

Yaandikwe kwenye karatasi, pande zote mbili na mashahidi wasaini, na ikiwezekana ipite ofisi ya serikali ya mtaa. Lipa kwa simu au benki, siyo mkononi. Muwe mmeandika pia nani ananunua nini, kazi inaanza na kuisha lini, na siku ya kusubiri vifaa inahesabiwaje.

Mafundi wa bomba, lipu, tailizi na umeme, uwanja ni wenu.

---

Kibaraza

Naweka kambi hapa. Mkuu, advansi ya asilimia 10 fundi gani atakubali? Wa huku kwetu wanataka nusu.

---

Mwiko wa Kati

@Kibaraza anataka nusu kwa sababu anategemea kununua vifaa nayo, au anamalizia kazi ya mtu mwingine kwa pesa yako. Ukinunua vifaa mwenyewe, sababu ya kwanza inakufa. Ile ya pili ndiyo unayoikwepa. Mahitaji yake ya kweli ya siku ya kwanza ni nauli, chakula cha vibarua na diski za grainda.

---

Jointi Kavu

Upande wa bomba niseme mimi.

Kwanza kabisa NUNUA CHOO KABLA YA BOMBA KUFUKIWA. Siyo picha ya choo, choo chenyewe kiwe kwenye boksi hapo kazini. Vyoo vya kukaa vina njia mbili za kutolea uchafu, chini au nyuma. Cha kutolea chini, vingi hutaka katikati ya bomba iwe sentimita 30 kutoka kwenye ukuta uliokwisha kumalizika, yaani baada ya lipu na tailizi. Cha kutolea nyuma, vingi hutaka katikati iwe sentimita 18 kutoka kwenye sakafu iliyomalizika. Fundi akikisia akakosea sentimita nne, ama choo kitaachana na ukuta ama atalazimisha kwa kiungo cha kupinda na uchafu utanasa hapohapo kila wiki.

Hali ni hiyohiyo kwa mikisa ya shawa, koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi. Viwiko viwili vya ukutani lazima viwe sentimita 15 katikati kwa katikati, usawa mmoja kwa pima maji, na uso wake ulingane na uso wa tailizi. Vikizama ndani utatafuta nyongeza, vikitokeza kile kifuniko cha duara hakikai. Mikisa iwe kama mita 1.1 kutoka sakafuni, kichwa cha shawa mita 2 hadi 2.1.

Maji machafu: choo bomba la milimita 110, sakafu na shawa 50, beseni la kunawia 40 inatosha. Mteremko sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Watu hudhani ukizidisha mteremko ndiyo safi zaidi. Bomba la choo likiinama mno, maji hukimbia yakaacha kigumu nyuma. Kila linapobadili mwelekeo nje, weka chemba. Na bomba la kupumulia lipande juu ya paa, vinginevyo ukivuta maji ya choo yatanyonya yale yaliyokaa kwenye mtego wa sakafu, na harufu itapanda. Mtego wa sakafu uwe wa kushika maji angalau sentimita 5. Zile sahani za bei rahisi zisizo na kikombe ndani ni tundu la mende tu.

Maji safi: PPR, yaani bomba za plastiki zinazoungwa kwa kuchomwa. Mashine ya kuchomea iwe nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linachomwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha. Akipitiliza, plastiki hujikunja ndani, tundu linabaki kama la penseli, na wewe utalaumu presha ya DAWASA miaka yote. Mwambie akate kiungo kimoja cha majaribio kwa msumeno mbele yako, uone ndani. Fundi mzuri hakasiriki. Maji ya moto nunua bomba lililoandikwa PN20.

Kupima: ziba matundu yote, unga pampu ya mkono, pandisha bar 10, subiri saa moja hadi mbili. Mshale ukishuka kuna mahali panavuja. Kupima kwa maji ya tanki hakutoshi. Tanki lililo mita 6 juu linatoa bar 0.6 tu, kiungo kibovu kitavumilia hapo na kitaachia siku utakayofunga pampu ya umeme.

Kabla ya lipu, piga picha kila ukuta, na futi ya kupimia imenyooshwa kutoka kona mpaka kwenye bomba. Siku ya kutoboa ukuta kuweka kioo utaitafuta picha hiyo.

---

Mama Kona

Jointi Kavu, nyumba za zamani zenye bomba za chuma, mtu anaweza kuunga PPR pale bafuni akaacha za chuma zilizobaki?

---

Jointi Kavu

Anaweza, dada, kwa kiungo chenye nyuzi za shaba. Ila chuma cha zamani kimejaa kutu ndani, na mitetemo ya kubomoa huibandua. Itakuja kuziba mikisa mpya na koki ya choo ndani ya wiki. Kabla ya kufunga vyombo fungua maji yatoke ovyo dakika kumi, na uweke chujio dogo pale bafu linapoanzia. Kama bajeti inaruhusu, vuta laini mpya kutoka kwenye tanki.

---

Timazi

Lipu na wotaprufu.

Ugomvi mkubwa ni kipimo cha mchanga. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Lipu ya 1 kwa 4 inataka lita 140 za mchanga: ndoo saba za lita 20. Toroli la kawaida likisawazishwa juu ni lita 60 hadi 65, kwa hiyo ni toroli mbili na kidogo. Ukisikia "toroli nne kwa mfuko" na kila toroli lina kichuguu, uko kwenye 1 kwa 8. Lipu hiyo ukiikwaruza kwa msumari inamwagika kama sukari, na tailizi zitang'oka nayo. Ndoo ndiyo kipimo, toroli ni la kubebea.

Kwa unene wa milimita 15, mfuko mmoja kwa 1:4 unafunika mita 8 hadi 9 za mraba. Ukuta ukiwa umepinda kiasi cha kutaka sentimita 4, asiujaze kwa mkupuo mmoja. Apige safu mbili, ya kwanza aichane ikiwa mbichi ili ya pili ishike. Saruji ya daraja la nguvu 32.5 inatosha kwa lipu. Ya 42.5 iache kwa zege la nguzo na renta.

Mchanga wa pwani usiuguse hata ukiletwa bure, maana chumvi yake itavuta unyevu maisha yote ya ukuta. Mchanga wenye udongo nao unajulikana: weka nusu glasi, jaza maji, tikisa, acha usiku. Tabaka la tope juu likiwa nene kama kidole, mrudishie mwenye kenta.

Mwagilia siku saba, asubuhi na jioni. Hapa ndipo fundi anapokuharakisha, kwa sababu siku saba za kumwagilia yeye halipwi. Mkubaliane aende kazi nyingine na mtu wa nyumbani amwagilie.

Sakafu: tundu la maji ndilo la chini kabisa, kutoka hapo unapandisha sentimita 1 hadi 2 kwa mita. Bafu lenye mita 2 kutoka mlangoni hadi kwenye tundu, ukishika 1.5, mlangoni pawe juu ya tundu kwa sentimita 3. Na sakafu ya bafu iliyomalizika iwe chini ya sakafu ya korido kwa sentimita 1 au 2. Hesabu hii ifanywe kabla ya kumwaga, kwa uzi na pima maji, ukikumbuka unene wa gundi na tailizi.

Wotaprufu ya saruji inapakwa mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, mmoja wima mwingine mlalo. Kona zote za sakafu na ukuta zipate utepe wa nyuzi kabla ya mkono wa kwanza, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Ipande ukutani sentimita 30, na eneo la shawa mpaka mita 1.8. Pembeni mwa tundu la maji ndipo panapovuja zaidi, wotaprufu ishuke mpaka ndani ya mdomo wake.

Ikikauka kama maelekezo ya mfuko yanavyosema, ziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya nailoni, jaza maji, weka alama ya penseli ukutani, ondoka saa 24. Kushuka milimita mbili tatu ni jua na upepo. Kushuka sentimita ni kurudia. Kama ni ghorofani, nenda ukaangalie dari ya chini.

---

Fundi Msumari

Nasoma tu. Wenye nyumba mnatuchora kama wezi wote. Semeni na ya upande wenu.

Unaniita Jumatatu nije na vibarua watatu, tailizi unaleta Alhamisi. Siku tatu hizo nani analipa? Unabadili mawazo choo kihamie ukuta wa pili baada ya bomba kupimwa, halafu unasema "si kazi ndogo tu hiyo." Unanunua gundi nusu ya niliyoandika kwa sababu jirani kakuambia saruji inatosha, zikibanduka unanipigia mimi. Na hiyo asilimia 10 ya matazamio, wengi hawaitoi. Miezi mitatu ikifika simu haipokelewi. Ndiyo maana fundi anaongeza bei mwanzoni, anajua ya mwisho haipo.

---

Mwiko wa Kati

@Fundi Msumari uko sahihi kwa sehemu kubwa, na dawa yake ni maandishi yaleyale. Siku ya kusubiri vifaa, mwenye nyumba alipe vibarua posho ya siku nzima na fundi nusu. Mabadiliko yoyote yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu: kinabadilika nini, kinaongezeka kiasi gani, siku ngapi, na jibu la "nakubali" lije kabla mtu hajashika tindo. Pesa ya matazamio aishike mtu wa tatu mnayemwamini wote wawili, kwa mfano mmoja wa mashahidi. Tarehe ya kuitoa iandikwe, pamoja na mambo yanayoweza kuizuia: kuvuja, tailizi kubanduka, harufu. Doa la rangi lisiwe sababu.

Nami niongeze la "cha juu." Maduka mengi humpa fundi chochote akileta mteja. Silioni kuwa dhambi kubwa, bei ikiwa ileile ya sokoni. Tatizo ni pale anapokupeleka duka linalouza waya wa umeme mwembamba ulioandikwa 2.5. Uliza bei maduka matatu, nunua mwenyewe, dai risiti ya EFD. Mifuko mitupu ya saruji isitupwe mpaka mmalize kuhesabu.

---

Kona Nyoofu

Tailizi.

Ukipokea boksi, soma ubavuni: namba ya toleo na ya rangi zifanane boksi zote 14. Tailizi za jina moja, toleo tofauti, hupishana rangi kidogo, wakati mwingine na milimita moja ya ukubwa. Dukani chini ya taa huoni. Ukutani jua la saa nne litakuonyesha. Kwa hiyo nunua zote siku moja na ubaki na vipande sita saba vya akiba.

Kuhusu saruji na gundi, jambo liko hivi. Tailizi ya kauri ya ukutani ina vinyweleo nyuma. Ukiiloweka kwenye maji ikashiba, inaweza kushikwa na saruji, na ndivyo wazee walivyofanya miaka mingi. Poselini hainywi maji, ufyonzaji wake hauzidi asilimia 0.5, kwa hiyo saruji tupu haina pa kuingia. Inakaa miezi, joto na baridi vinaivuta, siku moja sebuleni unasikia "tap!" na safu nzima imeinuka kama hema. Poselini ni gundi, hakuna mjadala.

Gundi ipakwe ukutani kwa mwiko wa meno, mistari yote upande mmoja. Tailizi kubwa ipakwe na nyuma yake pia. Ile ya kuweka madonge matano kama mandazi, moja katikati na manne kwenye kona, ndiyo inayozaa mlio wa debe tupu. Bafuni ni mbaya zaidi, kwa sababu maji hujaa kwenye nafasi kati ya madonge. Kila baada ya tailizi kumi ng'oa moja ukiwa hapo, uone mgongo wake umeshika kiasi gani. Gundi iliyoanza kukauka kwenye ndoo haiongezwi maji, inatupwa.

Asianze na tailizi nzima kwenye kona bila kupanga. Apime ukuta kwanza. Ikibaki sentimita 3 upande wa pili, asogeze mwanzo ili kila kona ipate kipande cha maana. Safu ya kwanza ya ukutani isikae sakafuni, iegemee ubao ulionyooshwa kwa pima maji. Ile ya chini hukatwa mwisho kufuata mteremko.

Grauti baada ya saa 24, upana milimita 2 hadi 3. Kona za ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu zisijazwe grauti, zijazwe silikoni ya bafuni ile isiyoota ukungu. Grauti ni ngumu, kona zinacheza, itapasuka tu.

---

Swichi Mbili

Umeme, kwa ufupi, maana hapa watu hufa.

Shawa ya kuchemsha papo hapo ya wati 5,500 inakula amp 24. Haitoki kwenye waya wa soketi wa 2.5. Ivutiwe waya wake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye bodi, na breka yake ya amp 32. Swichi yake iwe ya kukata nyaya zote mbili, na ikae nje ya bafu. Taa ni waya wa 1.5. Bodi iwe na kinga ya kuvuja umeme ya miliamp 30, na kitufe chake cha majaribio ukibonyeze mbele ya fundi uone kinakata.

Ardhi: fundi apime, asiseme "ipo." Nyumba nyingi za zamani waya wa kijani umeishia kwenye soketi, nje hakuna kitu. Kuunga waya wa ardhi kwenye bomba la maji ni hatari, hasa leo bomba likiwa PPR, kwa sababu plastiki haipitishi umeme.

Afanye kazi hii mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Muombe akuonyeshe, na angalia daraja na tarehe ya mwisho.

---

Mzizima hadi Muscat

Wakuu, sisi tulio nje tunaotuma pesa, hizo ndoo saba tunazihesabuje?

---

Timazi

Huzihesabu, ndugu yangu. Mlipe mtu wa kuzihesabu: fundi sanifu asiye na undugu na fundi wala na wewe, aje mara tano tu, kabla ya kila kufunika. Siku ya presha, siku ya lipu kuanza, siku ya maji ya saa 24, tailizi zikiwa nusu, na siku ya kukabidhi. Picha pekee zisikutoshe. Taka simu ya video, yeye akiwa ameshika futi, mshale wa pampu ukionekana mwanzo na baada ya saa moja. Vifaa lipa dukani moja kwa moja, duka litume risiti. Shemeji asiwe msimamizi, mnisamehe mashemeji.

---

Mjengo wa Likoni

Kwetu Kenya mambo ni yayo hayo, majina tu yanabadilika. Kontrakta atafutwe kwenye usajili wa NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, madaraja ni NCA1 hadi NCA8, na NCA hiyo hiyo hutambua mafundi wa mikono pia. Wa stima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli. Na mkikosana kwa pesa isiyozidi shilingi milioni moja, ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Lakini huko mtaenda na nini kama mlipatana kwa mdomo? Weka ujumbe wote wa simu, usifute.

---

Boriti ya Mkoko

Niwatahadharishe wenye nyumba za mawe, Mji Mkongwe, Lamu na miji ya kale ya mwambao. Hesabu za lipu hapo juu ZISITUMIKE kwenye kuta hizo. Ukuta wa jiwe la matumbawe na chokaa hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa kupumua. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, maji hayatoki tena. Yanapanda juu zaidi, chumvi inagandia nyuma ya lipu, chokaa ya ndani inalegea, na mwisho lipu hudondoka na ukuta wake. Kuta hizo zinataka lipu ya chokaa iliyolowekwa ikaiva, safu nyembamba, kila moja ikipewa muda wake. Haraka hakuna.

Bafu kwenye nyumba hizo ni balaa zaidi kwa sababu sakafu ya juu imelala juu ya boriti za mikoko. Maji yakivuja, vichwa vya boriti vilivyo ndani ya ukuta huoza kwanza, mahali usipopaona. Kabla ya kuweka bafu ghorofani, toboa dari kidogo pembeni mwa ukuta, choma vichwa kwa bisibisi. Ikizama, boriti hiyo imekwisha. Mji Mkongwe pia usianze bila kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji huo uko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na hata aina ya dirisha si hiari yako.

---

Kibaraza

Basi naomba la mwisho. Siku ya kukabidhi niangalie nini, kwa mpangilio?

---

Jointi Kavu

Vuta maji ya choo mara tano mfululizo, kila mara na karatasi, na nje chemba iwe wazi uone yanapita. Tia rangi ya chakula kwenye tanki la choo, usivute, subiri dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini unavuja. Kikalie choo uyumbe kushoto na kulia. Kikicheza, asikupakie saruji nyeupe kuficha, akaze boti. Jaza beseni mpaka juu, uachie kwa mkupuo, huku umeshika karatasi kavu chini ya kila kiungo. Fungua shawa dakika 15 halafu tazama maji yanaishia wapi.

Gonga tailizi zote kwa sarafu, zenye mlio wa debe zitie alama ya penseli na uzihesabu mkiwa wote wawili. Halafu funga koki zote, soma dira ya maji, mlale, muisome asubuhi kabla ya mtu kunawa uso. Namba ikiwa ileile, mtumie fundi 150,000 yake ya vyombo. Ile ya matazamio inasubiri tarehe yake.

---

Fundi Msumari

Na tarehe ikifika, upokee simu.